Bei ya utii: vita vya dini na kupanda kwa wafalme wa Ufaransa

Louis XIV ndiye anayebandikwa ule msemo wa "Dola ni mimi", ingawa hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuutamka. Yeye na kasri lake la Versailles wamekuwa picha ya ufalme wa kiimla Ulaya, na picha hiyo inapotosha, kwa sababu inamwonyesha mfalme aliyekwisha kushinda. Ukitaka kuona ushindi wenyewe ulivyopatikana, rudi nyuma zaidi ya miaka mia, kwa wafalme waliokosa hata mishahara ya askari wao. Nitabaki Ufaransa, ambako mambo haya yanaonekana waziwazi, na nitaangalia hazina kuliko mimbari.

Julai 1559 Henri II alikufa kwa jeraha la mkuki alilopata kwenye mashindano ya wapanda farasi jijini Paris. Aliacha deni la livre (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) zaidi ya milioni 40, mjane Catherine de Médicis, na wana wanne. Mkubwa wao, François II, alikuwa na miaka 15 na alikufa mwaka uliofuata. Charles IX akarithi kiti akiwa na miaka 10. Koo kubwa za makabaila zikaanza kugombea kumshika mkono mfalme mtoto, na ugomvi huo ukavaa dini: akina Guise wakasimama na Wakatoliki wakali, akina Bourbon wakawa na Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa waliofuata mafundisho ya Calvin. Januari 1562 Catherine alijaribu njia ya kati, akawaruhusu Wahuguenoti kuabudu nje ya kuta za miji. Tarehe 1 Machi François wa Guise alipita Wassy, huko Champagne, akawakuta wakisali ghalani ndani ya mji. Watu wake waliua makumi ya waumini. Mwezi uliofuata Louis wa Condé, wa ukoo wa Bourbon, aliuteka mji wa Orléans.

Hadi 1598 wanahistoria wanahesabu vita vinane. Kwa nini vinane na si kimoja kirefu? Kwa sababu mfalme hakuwahi kuwa na fedha za kukimaliza hata kimoja. Jeshi lake lilitegemea askari wa kukodi, Waswisi wa miguu na Wajerumani wa farasi, ambao walidai malipo ya kila mwezi. Baada ya miezi michache hazina ilikauka, mazungumzo yakaanza, na amri ya amani ikatolewa ikiwapa Wahuguenoti haki fulani za ibada. Wakatoliki wa mijini waliiona amri hiyo kuwa usaliti, maofisa wa mikoa wakaikalia, na muda si muda bunduki zikalia tena. Mwaka 1576 Henri III, mdogo wake Charles IX aliyemrithi, alifika mahali pa kuahidi kuwalipa hata wapanda farasi wa Kijerumani waliokuja kupigana dhidi yake, ili mradi watoke nchini.

Mauaji ya Mtakatifu Bartholomayo, ya kuwaua Wahuguenoti, yaliyoanza Paris tarehe 24 Agosti 1572, yanajulikana mno kiasi kwamba sitayarefusha. La kuzingatia ni athari yake katika fikra. Waandishi wa Kihuguenoti walianza kutetea haki ya kumpinga mfalme dhalimu. Kisha 1584 mdogo wa mfalme akafa, mrithi wa kiti akawa Henri wa Navarre, Mhuguenoti, na hoja zilezile zikahamia kambi ya pili: safari hii Muungano wa Wakatoliki, wenye fedha za Philip II wa Hispania, ndio uliodai kwamba mfalme anaweza kuondolewa. Desemba 1588 Henri III aliamuru Henri wa Guise auawe katika kasri la Blois. Agosti 1589 mtawa Jacques Clément alimchoma mfalme kisu. Wanasheria waliochoshwa na hali hii walikuwa na jibu tayari, lile la Jean Bodin wa 1576: mamlaka ya mwisho ya kutunga sheria hayagawanyiki, na yakigawanyika hakuna dola. Hoja hiyo ilipata wasikilizaji kwa sababu watu walikuwa wameona kwa macho yao mgawanyiko unavyofanana. Paris ilipozingirwa mwaka 1590, maelfu ya wakazi walikufa kwa njaa.

Henri wa Navarre, sasa Henri IV, alishinda mapigano kadhaa lakini hakuweza kuishinda nchi nzima. Hivyo alibadili njia. Julai 1593 aliungama Ukatoliki huko Saint-Denis. Februari 1594 alitawazwa Chartres, maana Reims, mji wa kawaida wa kutawazia wafalme, ulikuwa bado mikononi mwa maadui. Halafu akaanza kununua. Brissac, gavana wa Paris upande wa Muungano, alifungua milango ya jiji tarehe 22 Machi 1594, akatunukiwa fedha na cheo cha umarshali. Mmoja baada ya mwingine, wakuu wa Muungano walitaja bei: fedha taslimu, ugavana, kulipiwa madeni. Wa mwisho, Mercœur wa Bretagne, alisalimu amri 1598 kwa mamilioni ya livre, na binti yake akaposwa kwa mwana wa nje wa mfalme. Sully, waziri wa fedha, alipiga hesabu ya jumla ikafika zaidi ya livre milioni 32. Nikiulizwa ufalme wa kiimla ulizaliwa lini, nitataja miaka hii ya manunuzi kabla ya kutaja Versailles.

Wahuguenoti nao walikuwa na bei yao, na hiyo ndiyo Amri ya Nantes ya Aprili 1598. Mara nyingi inasifiwa kama tamko la uvumilivu wa kidini. Ukiisoma kwa makini inafanana zaidi na mkataba wa kibiashara wenye viambatisho. Kulikuwa na vifungu 92 vya wazi, vifungu 56 vya siri, na hati mbili za pembeni. Ibada iliruhusiwa katika maeneo yaliyotajwa na ikakatazwa Paris na umbali wa ligi tano (kipimo cha kale, karibu kilomita 20) kuizunguka. Mahakama za mseto, za mahakimu wa dini zote mbili, ziliundwa. Lakini fedha za wachungaji, na ngome walizoachiwa Wahuguenoti pamoja na malipo ya askari wa kuzilinda, ziliwekwa kwenye zile hati mbili, si kwenye amri yenyewe. Sababu ni ya kiofisi. Amri ya kudumu ilipaswa kusajiliwa na Parlement ya Paris, ambayo ilikuwa mahakama kuu na si bunge, na mahakimu wake Wakatoliki wasingekubali kamwe ngome za wazushi. Hati ya pembeni ilikuwa hisani ya mfalme binafsi, haikuhitaji kusajiliwa. Kwa maana hiyohiyo, mfalme mwingine angeweza kuacha kuihuisha. Ngome zilitolewa kwa miaka minane tu.

Sasa inabidi niende polepole, maana bila kuielewa paulette, ada ya kila mwaka ya wenye vyeo, hutaelewa kilichofuata. Katika Ufaransa vyeo vya uhakimu na vya kodi viliuzwa. Ulinunua cheo, ukapata mshahara mdogo uliofanana na riba ya fedha uliyotoa, ukapata heshima na misamaha ya kodi, na ungeweza kumwachia mwanao. Tatizo lilikuwa sharti la siku 40: ukishamwachia mrithi cheo, ilikuwa lazima uishi siku 40 zaidi, la sivyo cheo kilirudi kwa mfalme na familia ikapoteza kila kitu. Mwaka 1604 serikali ya Henri IV ilitoa njia ya kulikwepa. Ukilipa kila mwaka sehemu moja ya 60 ya thamani iliyokadiriwa ya cheo, sharti halikuhusu. Cheo kilichokadiriwa livre 30,000 kililipiwa livre 500 kwa mwaka. Mzabuni wa kwanza wa kuikusanya aliitwa Charles Paulet, na jina likatoka hapo.

Kwa mfalme ilikuwa mbinu ya werevu. Ofisa hakuhitaji tena kabaila wa kumwombea cheo kwa mwanae, na ule mtandao wa watu wenye deni la fadhila ambao akina Guise waliutumia kuendesha vita ukakatwa mizizi. Hasara yake ilionekana baadaye: ofisa anayemiliki cheo hafukuzwi bila kurudishiwa fedha zake, na mfalme hakuwa nazo. Akabaki na maelfu ya watumishi waaminifu kwa kiti cha enzi na wakaidi kwa waziri yeyote mwenye haraka.

Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa Louis XIII, mwana wa Henri IV, alikuwa na haraka. Kwanza alimaliza suala la ngome. La Rochelle ilizingirwa 1627, ghuba yake ikazibwa kwa ukuta wa mawe na meli zilizozamishwa, wenye urefu wa karibu meta 1,500, na meli za Waingereza zilizokuja kuuokoa mji zikashindwa kuupita. Mji ulijisalimisha Oktoba 1628 ukiwa na watu 5,000 hivi kati ya takriban 27,000. Mkataba wa Alès wa 1629 uliwanyang'anya Wahuguenoti ngome ukawaachia ibada, kama vile ile Amri ya 1598 ilivyokuwa imetenganisha mambo hayo mawili kwenye karatasi.

Kisha 1635 Ufaransa iliingia vita na Hispania waziwazi, na mzigo wa taille, kodi kuu ya moja kwa moja, ukapanda zaidi ya maradufu. Taille ilishuka ngazi kwa ngazi. Baraza la mfalme lilipanga jumla ya mwaka, likaigawa kwa mikoa ya kodi, mikoa ikaigawa kwa wilaya, wilaya kwa parokia. Ndani ya parokia wanakijiji waliteuliwa kukadiria nani alipe kiasi gani na kukusanya. Makabaila na makasisi hawakulipa, ila kusini, mfano Languedoc, ambako kodi ilifuata ardhi badala ya mtu. Mkusanyaji akipungukiwa alifidia kwa mali yake, na wengi waliishia jela. Maofisa wa wilaya, wenye vyeo vya kununua, waliwapunguzia wapangaji wao na jamaa zao, na pengo likahamia kwa wanyonge. Normandie iliwaka kwa uasi mwaka 1639.

Dawa ya Richelieu ilikuwa intendanti: mtu aliyetumwa mkoani kwa barua ya mfalme, asiyenunua cheo chochote, anayeweza kuitwa nyumbani siku yoyote. Agosti 1642 maintendanti walipewa ugawaji wa taille wenyewe. Maofisa walionunua vyeo wakajikuta wamebaki na majina bila kazi wala marupurupu yake.

Hasira yao ililipuka 1648, na cheche ilikuwa paulette. Ilihuishwa kila baada ya miaka tisa, na mara hii Kardinali Mazarin, aliyemfuata Richelieu katika uwaziri mkuu, alitaka mahakama kuu zilipie kwa kunyimwa mishahara ya miaka minne, isipokuwa Parlement ya Paris, kwa matumaini ya kuzigawanya. Parlement ikajiunga na wenzake. Walidai maintendanti waondolewe, wakakubaliwa karibu kila mahali. Agosti hiyo hakimu Broussel alikamatwa na Paris ikajaa vizuizi. Januari 1649 mfalme, Louis XIV mwenye miaka 10, alitoroshwa jijini usiku. Makabaila wakubwa wakaingia na majeshi yao binafsi, ghasia zikadumu hadi 1653, na watu wakaanza kukumbuka yale ya 1590. Maintendanti walirudi bila kelele nyingi.

Kwa hiyo Louis alipoanza kutawala mwenyewe Machi 1661, vifaa vyote vilikuwa mezani. Mwaka 1673 aliamuru Parlement isajili kwanza, ilalamike baadaye. Makabaila aliwavuta Versailles, ambako makao ya mfalme na watu wake yalihamia rasmi Mei 1682, wakashindania pensheni. Mikoa yenye mabaraza yake, kama Bretagne na Languedoc, haikufutwa: iliendelea kupiga kura juu ya kodi, na mapato yakagawanwa na wakubwa wa huko. Huko Brandenburg, nchi ya Kijerumani, mtawala alifanya biashara ya namna hiyo mwaka 1653, akapata taler (fedha ya huko) 530,000 za jeshi na makabaila wakathibitishiwa mamlaka yao juu ya wakulima. Charles I wa Uingereza hakupata wa kufanya naye biashara, akakatwa kichwa 1649.

Wahuguenoti wasio na ngome hawakuwa na kitu cha kuuza. Mwaka 1681 intendanti Marillac wa Poitou aliwajazia askari majumbani, wale na kulala kwa gharama ya mwenye nyumba, huku anayeongoka akisamehewa mzigo huo miaka miwili. Oktoba 1685 Amri ya Nantes ilifutwa. Wachungaji walipewa siku 15 kuondoka, waumini wakakatazwa kuondoka, na bado takriban watu 200,000 walikimbilia Uholanzi, Uingereza, Uswisi na Brandenburg.

Vita vilivyofuata vilimfikisha Louis kwenye lile ambalo hakuna mfalme kabla yake aliyelithubutu. Kodi ya kichwa ya 1695 iliwagawa raia wote katika madaraja 22, kuanzia mwana wa mfalme mwenyewe, livre 2,000, hadi kibarua wa livre 1. Makasisi walijinunua kwa mchango wa mkupuo. Ilifutwa 1698 baada ya amani, ikarudishwa 1701 vita vilipoanza tena, na safari hii haikuondoka hadi Mapinduzi ya Ufaransa.