Gauni lenye mwenyewe

Vijana wanaonunua nguo za zamani kwangu soko la Kongowea, Mombasa, wakazipige picha na kuziuza mtandaoni, swali lao ni moja. Inakuwaje gauni lililokwisha valiwa liuzwe zaidi ya dola milioni moja, na wao wakitaja shilingi mia tano kwa koti la sufu lenye bitana ya hariri wanaambiwa, "Dada, ongea vizuri, mwisho ngapi?"

Gauni wanalolisema ni la Diana, yule binti wa kifalme wa Uingereza, lile lililobuniwa na Jacques Azagury. Kifuani ni mahameli nyeusi iliyodariziwa nyota, kuanzia kiunoni ni organza, kitambaa chepesi, ya buluu. Alilivaa Florence, Italia, mwaka 1985. Kampuni ya mnada ya Julien's ilikadiria litaleta dola 100,000 hadi 200,000. Desemba 2023, nyundo ilipogongwa na ada ya mnunuzi kujumlishwa, bei ilikuwa dola 1,148,080.

Nimezikuza picha za gauni hilo kwenye simu mpaka nikaona mishono. Kazi ni safi, sina la kusema. Lakini Azagury aliwashonea wanawake wengine pia, kwa mkono uleule na mahameli ileile, na magauni yao hayafikii hapo. Pesa zile zililipiwa mwanamke aliyekuwa ndani ya gauni, pamoja na ushahidi kwamba kweli ndiye: picha za siku ile na karatasi za kila mkono uliolishika tangu hapo. Karatasi zikikatika mahali, bei inaanguka.

Mimi nikitajiwa mnada wa Diana, nakumbuka ule wa 1997. Shangazi yangu alimpenda mwanamke yule kupita kiasi. Alikata nywele kama zake, na picha alizokata magazetini alizibandika ndani ya mlango wa kabati. Tarehe 25 Juni mwaka huo, kampuni ya mnada ya Christie's, New York, iliuza magauni 79 ambayo Diana mwenyewe alikubali kuyatoa. Wazo lilitoka kwa mwanawe William, naye bado mwanafunzi. Zilipatikana zaidi ya dola milioni tatu, zikaenda kwa shughuli za saratani na UKIMWI. Mwisho wa Agosti Diana alifariki. Shangazi alilia kama aliyefiwa na ndugu, na sikuona cha kushangaza, kwa sababu miaka ile nyumba nyingi za Mombasa zilikuwa na mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautajwi, na huyu binti wa kifalme alikuwa amewashika mikono wagonjwa hao bila glavu, mbele ya kamera. Mtu akiyatoa magauni yake kwa ajili ya watu kama hao, huo kwangu ndio mnada wenye heshima kuliko yote, hata kama rekodi za bei zimevunjwa mara nyingi baadaye.

Lililopata bei kubwa zaidi kwenye mnada ule wa 1997 ni la mbunifu Victor Edelstein, mahameli ya buluu iliyokolea, alilochezea dansi na John Travolta Ikulu ya Marekani mwaka 1985. Liliondoka kwa dola 222,500. Mwaka 2013 likauzwa tena London kwa pauni 240,000. Mwaka 2019 likanunuliwa kwa pauni 264,000 na Historic Royal Palaces, taasisi inayotunza baadhi ya majumba ya kifalme ya Uingereza, likiwemo Kensington alikoishi Diana. Hapo nilifurahi. Gauni kama lile likifungiwa sandukuni mwa tajiri, linaonwa na nani?

Sasa rudi Kongowea. Nguo zinazoshuka bandari ya Kilindini zimeshapotezana na wenyewe. Zilitolewa Uingereza au Kanada, zikachambuliwa, zikabanwa kwenye belo, na belo likifunguliwa sisi tunagombania kamera tu, yaani zile nguo bora za kuchaguliwa kwanza, hakuna anayeuliza ya nani. Lakini nguo ikiwa na lebo, huwa imebakisha maneno. Zipu ya chuma ubavuni nayo inanifanya nitulie kwanza, maana huwa ni dalili ya nguo ya zamani. Lebo ikiandikwa imetengenezwa Ujerumani Magharibi, nguo ni ya 1990 au kabla yake. Nguo ya kike ya Marekani yenye lebo ya chama cha washonaji, ILGWU, haiwezi kuwa mpya, maana chama hicho kiliungana na kingine mwaka 1995 na jina likaishia hapo. Lebo iwe na rangi nyekundu, nyeupe na buluu, hiyo ni kuanzia miaka ya 1970.

Majuzi nilipata koti la kijivu lenye lebo hiyo. Kwapa la kushoto lilikuwa limetiwa kiraka kwa ndani, kwa mkono, sindano fupifupi sana, uzi umefananishwa na kitambaa mpaka ukiwa mbali huoni. Kwenye mfuko wa ndani mlikuwa na risiti ya dobi iliyofifia, jina la ukoo limeandikwa kwa kalamu. Niliitia risiti kwenye kifuko cha plastiki, nikaifunga kwa pini palepale ilipokuwa. Aliyelinunua ni mwalimu. Nikamwambia, "Mwalimu, hii karatasi usiitupe, ni ya koti." Akaisoma taratibu, akalipa bila kupunguziwa.

Wauzaji wenzangu wanaokata lebo, ati zinamkwaruza mteja shingoni, wananiumiza moyo. Na wanaobadilisha vifungo vya zamani wakaweka vipya vinavyong'aa, hao ndio zaidi.

Shangazi bado analo gauni lake la harusi, mikono imefura kama ya gauni la harusi la Diana la 1981. Lilishonwa na fundi wa Biashara Street kwa kutazama picha ya gazeti. Tumelitandaza kitandani, akanitajia jina la fundi, bei aliyolipa na nani alimvalisha, nami nikaandika kila neno. Karatasi tumeikunja pamoja na picha ya harusi, tukaiweka ndani ya gauni.

Kama kwenu kuna gauni, koti au hata leso ya bibi, na bibi yupo, muulize wiki hii. Mwenye nguo ya zamani asiyeweza kuisoma lebo yake aje nayo Kongowea asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Tutaitazama pamoja, na kutazama silipishi.