Figo za mjomba

Mjomba anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, na kwake mboga isiyokolea chumvi si mboga. Presha ilipogoma kushuka, daktari akaagiza vipimo vya mkojo na vya kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja. Mjomba akanung'unika: "Naumwa presha, figo za nini?"

Kumbe figo ndizo zenye usukani. Zikihisi damu inafika kidogo, humwaga kemikali iitwayo renini; kutokana nayo hutengenezwa homoni ya anjiotensini inayobana mishipa, kisha homoni nyingine, aldosteroni, huziamuru zibakize chumvi na maji. Presha inapanda. Ikizidi, figo zenye afya hutoa chumvi na maji kwenye mkojo. Zilizoharibika haziwezi: chumvi inabaki, maji yanaifuata, na presha hiyo hiyo inazidi kuchakaza vichujio, takriban milioni 1 kwa kila figo, ambavyo vikifa havioti tena.

Mkojo wa mjomba ulikuwa na povu, na soksi zilimwachia alama nzito jioni. Yeye alisingizia kusimama sana, kumbe ni figo.

Sasa anameza losatani, dawa ya presha inayozuia kazi ya anjiotensini. Diklofenaki, dawa ya maumivu aliyomezea mgongo, kaachishwa. Hiyo huumiza figo. Dagaa anakula bado, ila kibakuli cha chumvi mkazamjomba kakiondoa mezani, na huo ugomvi tunausikia hadi Pasiansi.