Uzi mlangoni

Desemba 2007, miezi sita baada ya mwongozaji filamu Ousmane Sembène kufariki Dakar, nilikwenda likizo nyumbani Singida na diski mbili nilizoazima kwa mwalimu wangu: *La Noire de...* ya 1966, picha ya kwanza ndefu ya yule mzee wa Senegali, na *Moolaadé* ya 2004, ya mwisho. Nilitakiwa kuandika insha ya jinsi mtindo wake ulivyobadilika. Mama akasema kama ni picha, tuangalie wote.

Mama anasoma Kiswahili, lakini maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza. Nikakaa ubavuni pake nikitafsiri, kama wale vijana wa mabanda ya video.

Usiku wa kwanza tulimwona Diouana, msichana wa Dakar anayekwenda Ufaransa akijua atalea watoto, akajikuta mpishi na mfuaji ndani ya fleti huko Antibes. Picha nyeusi na nyeupe, kuta zimembana. Kinywa chake hufunguka mara chache. Tunachosikia ni mawazo yake, tena kwa Kifaransa.

"Mbona hasemi kwa sauti?" Mama akauliza.

Ikafika barua ya mama yake. Diouana hajui kusoma, basi bwana mwenye nyumba anamsomea, kisha anakaa kuandika majibu kwa niaba yake bila kumuuliza chochote. Diouana anaichana ile barua. Mama akashika magoti yake. Binti alipojiua, Mama aliinuka akaenda kulala bila neno.

Asubuhi, tukipepeta uwele, nikamweleza habari za Sembène: alikuwa kuli katika bandari ya Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, akaona watu wake mwenyewe hawazisomi. Akaenda Moscow kusomea filamu, umri ukikaribia miaka 40. Mwaka 1968, katika *Mandabi*, hatimaye watu wake wakaongea Kiwolofu.

"Alichelewa," Mama alisema, "lakini alifika."

Usiku wa pili ulikuwa wa *Moolaadé*, aliyoitengeneza akiwa ameshavuka miaka 80. Rangi zimejaa, na kamera imetoka vyumbani, imetulia uani kama mgeni aliyekaribishwa mkekani. Ni kijiji cha Burkina Faso, na lugha ni Kibambara. Collé, mama wa hapo, amefunga uzi wa rangi mlangoni, alama ya kinga ambayo ni mwiko kuivuka mpaka yeye mwenyewe aiondoe kwa neno, kuwalinda wasichana wanne waliokimbia kukeketwa. Wanaume wanakusanya redio za wake zao na kuzichoma mbele ya msikiti. Nilitafsiri vizuri mpaka nilipofika kwenye neno lenyewe. Kwetu halikuwahi kutamkwa kati yangu na Mama. Nikazungukazunguka, nikasema "ile mila".

"Litaje, mwanangu. Aliyepitia ni mimi."

Nikalitaja.

Mume wa Collé akaanza kumchapa mbele ya kijiji kizima ili alitamke neno la kuufungua ule uzi. Wanaume wanamhimiza mume, wanawake wanampigia kelele Collé asianguke. Nilikuwa nimeacha kutafsiri. Mama naye alikuwa akimwambia Collé asimame, kwa Kinyaturu.

Picha ilipokwisha tulikaa. Mimi nilikuwa na daftari lililojaa habari za rangi, urefu wa mikato na mahali pa kamera, yote sahihi. Mama akasema, "Yule wa jana alikuwa akijisemea moyoni, hakuna aliyemsikia. Huyu wenzake wanamsikia." Miaka 38 ya kazi ya Sembène, nami nilikuwa nimeipima kwa rangi! Nikafungua ukurasa mpya nikaandika maneno yake jinsi alivyoyasema. Insha yangu ilianzia hapo.

Kabla ya kulala akaomba nimrudishie ile ya kwanza, pale kwenye barua.

"Safari hii usitafsiri."

Nikanyamaza. Bwana akasoma, akachukua kalamu. Diouana alipoichana barua, Mama alimsemesha kwa Kinyaturu, kwa sauti.