Kumlea mtoto mwenye selimundu siku ambazo haumwi

Watu huuliza habari za mwanangu anapolazwa. Akitoka hospitali huona jambo limekwisha, ilhali kazi kubwa ya mzazi wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko katika zile siku ambazo mtoto anacheza na haumwi popote.

Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi takribani siku 120, kwake huvunjika baada ya wiki chache tu, na zile zinazopinda mfano wa mundu huziba mishipa midogo. Ndiyo maana macho yake huwa na umanjano hata akiwa mzima, na maumivu humjia bila kupiga hodi.

Kila jioni, akiwa amelala chali, hupitisha vidole chini ya mbavu zake za kushoto nikipapasa bandama kama nilivyofundishwa na muuguzi, kwa kuwa bandama ya mtoto mdogo mwenye ugonjwa huu inaweza kuvimba ghafla kwa kujaa damu, naye akapauka na kulegea katika muda wa saa chache. Yeye hucheka kwa kutekenyeka. Mimi sicheki mpaka nimalize.

Homa haina mjadala. Kipimajoto kikifika nyuzi 38.5 tunaondoka kwenda hospitali, hata iwe usiku wa manane, maana bandama iliyochoka humwacha mtoto bila kinga ya kutosha dhidi ya baadhi ya bakteria hatari. Kwa sababu hiyohiyo hunywa penisilini asubuhi na jioni, mbali na asidi ya foliki na haidroksiyurea, ambayo imempunguzia sana vipindi vya maumivu.

Shuleni niliomba aruhusiwe kunywa maji darasani na kwenda msalani kila anapohitaji, kwa kuwa figo zake hupoteza maji mengi kuliko za wenzake. Mwalimu mmoja alidhani ni hila ya kukwepa hesabu (na siku nyingine huenda ni kweli, kwani naye ni mtoto kama wengine).

Wapo jamaa waliotaka kunitwika lawama peke yangu, ingawa vinasaba vya selimundu amevirithi kwa wazazi wote wawili. Nilieleza mara moja, nikaacha.

Mpira nimemruhusu, ila kwenye baridi kali hachezi, na akitaka kupumzika hutoka bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku hizi daktari akiuliza maumivu yamefika kiasi gani, mimi humwachia mwanangu ajibu mwenyewe, hata pale ambapo mimi ningetaja namba kubwa kuliko yake.