Damu kwenye mswaki
Kwa miezi kadhaa niliukwepa upande mmoja wa kinywa kila nilipopiga mswaki, kwa kuwa fizi za upande huo zilitoka damu nami niliamini kwamba mswaki ndio uliozijeruhi. Daktari wa meno aliponichunguza alinieleza kuwa zilikuwa zimevimba kwa sababu ya ukoga, na kwamba kwa kuzihurumia nilikuwa nikiulea ugonjwa wenyewe.

Ukoga ni utando laini wa bakteria unaoanza kujijenga tena saa chache baada ya meno kusafishwa, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Ukiachwa hapo, mwili hupeleka damu nyingi ili kupambana na bakteria hao, na ndiyo maana ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutoka damu hata ukiguswa kidogo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, mjini Aarhus nchini Denmark, mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno (sijui kama mimi ningekubali). Wote walipata uvimbe ndani ya wiki tatu, na waliporudia usafi fizi zao zikapona baada ya siku chache.

Ukoga uliokaa muda mrefu hufyonza madini ya mate ukawa ugaga mgumu, ambao mswaki hauwezi kuubandua. Huo huondolewa na daktari kwa vifaa vyake. Uvimbe ukipuuzwa unaweza kushuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia meno, na mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Wenye kisukari na wajawazito wamo katika hatari zaidi, lakini wavutaji sigara ndio hudanganyika kwa urahisi, kwani tumbaku hubana mishipa midogo ya damu hata fizi zilizougua zisitoe damu.

Siku hizi natumia mswaki laini, nauinamisha kuelekea mstari wa ufizi na kuusogeza polepole kwa dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kisha napitisha uzi katikati ya meno, mahali ambapo mswaki haufiki. Siku za mwanzo damu ilitoka kama kawaida na nusura nikate tamaa. Wiki ya pili ilipokwisha, povu nililotema lilikuwa jeupe.