Siku moja maishani mwangu: fundi vespa wa Mwanakwerekwe, Unguja, masika yakishapita

Saa moja na nusu asubuhi banda linafunguliwa, vespa zilizolala ndani zinatolewa nje, sakafu inafagiwa, chai na chapati zinamalizwa wima. Ni Juni. Hoteli za pwani zilizofunga kwa ajili ya masika zinafungua, na vespa za kukodisha zilizoegeshwa chini ya makuti tangu mvua za mwanzo zinaletwa mjini juu ya pikapu. Ugonjwa wao karibu ni mmoja: inawaka, inanguruma kidogo, inazima.

Mpaka saa nne ni oili, breki na mikanda.

Saa nne inashushwa vespa ya cc 125 kutoka Paje, pwani ya mashariki. Mwenyewe anazikodisha kwa wageni. "Asalaam alaykum fundi. Kabureta imekufa hii. Nitilie mpya, saa sita niwe njiani." Alaykum salaam, lakini kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, haifi kwa kulala. Wengi wanadhani fundi ni mtu wa kufungua kibovu na kufunga kipya. Kazi kubwa ni kujua kipi si kibovu, nayo inataka muda, na muda huo wote fundi anaonekana amechutama tu anaitazama injini.

Cha kwanza ni kuuliza inazima wakati gani. Ikizima ukiachia resi, shuku jeti ndogo (jeti ni kipande cha kabureta chenye tundu la kupitishia petroli). Ikizima ukivuta resi, shuku jeti kubwa, au diaframu, utando wa mpira wa kabureta, iliyochanika. Ikienda vizuri dakika kadhaa kisha ikakata, na ikipumzika ikawaka tena, ama petroli haifiki ama cheche inapotea injini ikishapata moto. Mwenyewe anajibu, "Inazima tu, fundi." Basi inapigwa kiki hapo hapo. Inashika kwa kuvutwa resi, ikiachiwa inakufa. Jeti ndogo hiyo.

Hata hivyo mkono hauendi kwenye kabureta kwanza, unaenda kwenye tangi. Petroli yote inamiminwa ndani ya chupa nyeupe ya maji na kuachwa itulie. Petroli nzima ina harufu kali ya kupanda puani. Hii imegeuka kahawia na inanuka kama vanishi ya mbao, na chini ya chupa pametuama maji kiasi cha kijiko. Tangi likiachwa nusu katika unyevu wa pwani hutoa jasho kwa ndani, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini na ndiyo ya mwanzo kuingia kwenye kabureta. Ukisafisha kabureta na kuirudishia petroli hii, kesho chombo kinarudi. Tangi linasuuzwa kwa petroli mpya ya sheli, nusu lita, mara mbili.

Plagi inatolewa, inapigwa brashi, nafasi yake inawekwa kati ya milimita 0.6 na 0.7, kisha inagusishwa na chuma cha injini, mbali na ile chupa, na kiki inapigwa. Cheche ni ya buluu, kali. Upande huo umekwisha.

Saa tano na nusu kabureta iko mezani na mwenyewe yuko mlangoni. "Bado tu?" Skrubu za bakuli, sehemu ya chini ya kabureta inayohifadhi petroli, zimeshikwa na chumvi. Hizi ni laini, na ukikosea bisibisi vichwa vinalika, kwa hiyo kila moja inapata pigo dogo la nyundo kwanza, ndipo inazungushwa na bisibisi inayokaa sawasawa. Ndani kuna unga mweupe wa aluminiamu iliyoliwa na maji, na utando wa gundi ya rangi ya chai. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi hupaa, nzito hubaki zikaganda, na huziba mapema tundu lililo dogo kuliko yote. Tundu hilo ni la jeti ndogo. Halifiki nusu milimita, na ndilo linaloilisha injini resi ikiachiwa.

Skrubu ya mchanganyiko, ile inayopima petroli na hewa resi ikiachiwa, huhesabiwa mizunguko kabla ya kutolewa. Hii imekwishakazwa mpaka mwisho na mtu mwingine, nayo ikiwa hivyo injini haiwezi kutulia resi ikiachiwa hata jeti ikiwa safi. Diaframu na mipira yote inatolewa kabla ya kupuliziwa dawa ya kusafishia, maana dawa huivimbisha. Jeti haichokonolewi kwa waya wa chuma wala pini: ni shaba nyeupe, tundu likitanuka halirudi. Inalowekwa, kisha unapitishwa mshipi wa kuvulia wa milimita 0.25, kisha upepo wa kompresa. Ukiiinua juani lazima uone duara kamili la mwanga. Nusu duara, inarudi kulowekwa. Hii ililowekwa tena na tena, na kila mara mwenyewe akitazama saa.

Adhuhuri imeshaadhiniwa inapofungwa. Skrubu ya mchanganyiko inaanzia mizunguko miwili kutoka mwisho, injini inaachwa ipate moto, kisha inasogezwa robo robo mpaka mlio utulie na gurudumu la nyuma lisizunguke lenyewe. Inanguruma sawasawa. Ndipo linapokuja neno lile: "Kumbe kupuliza tundu tu! Na pesa yote hiyo?" Tundu linapulizwa kwa dakika moja. Kulijua ni lipi, na kuliacha na kipimo chake, ndiko kunakolipiwa.

Tena anataka kuondoka nayo hapo hapo. Haiondoki. Chombo kilicholala hakitoki bandani bila kujaribiwa mwendo mrefu, kwa sababu kusimama bandani hakuonyeshi shida ya petroli kufika. Jua la saa nane, barabara ya Tunguu, na kabla ya kufika inakohoa, inakata.

Hapa ndipo uharaka unapoharibu. Usipige kiki. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia: ifungue papo hapo. Ikitoka petroli ya kutosha, rudi kwenye jeti na cheche. Yanatoka matone tu, kwa hiyo kasoro iko kabla ya kabureta, upande wa tangi. Kifuniko cha tangi kinafunguliwa na hewa inaingia kwa mlio. Kiki moja, inawaka. Tundu la hewa la kifuniko limezibwa na vumbi na chumvi. Tangi linatoa petroli bila kupata hewa ya kujaza pengo, mpaka linagoma.

Kurudi ni kwa kifuniko kilicholegezwa. Bati la banda linachoma, mgongo umekaza, vidole vinawasha kwa petroli. Kifuniko kinavunjwavunjwa, kinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kinapulizwa. Koki ya petroli chini ya tangi nayo inapimwa, kwa kuwa ni ya kufunguka kwa mvuto wa injini na mpira wake hukakamaa ukilala: sirinji inavuta kwenye mpira mwembamba, petroli lazima itiririke bila kukatika, na ukiachia isimame. Iko sawa. Barabarani tena, safari hii mpaka Tunguu na kurudi, bila kukohoa.

Alasiri imepita. Mwenyewe analipa, amepoa kidogo. Anaambiwa masika mengine yakikaribia amwage petroli ya bakuli, ajaze tangi mpaka juu lisitoe jasho, atoe waya wa hasi wa betri. "Kijana atafanya," anasema, akimwonyesha dereva wa pikapu.

Basi kijana anaitwa, anachutama, anaonyeshwa skrubu ya bakuli: kikombe chini, bisibisi bapa, legeza taratibu mpaka petroli ishuke, subiri ikauke, kaza bila kutumia nguvu. Anaifungua na kuifunga mwenyewe, ndipo vespa inapakiwa.