Gari langu la chakula na chumvi ya Malindi

Ninauza viazi karai, bajia na mishikaki jioni, upande wa Silversands, ndani ya gari dogo lililokatwa dirisha ubavuni. Wateja huniuliza siri ya ukwaju wangu. Wauzaji wenzangu huniuliza mbona bati bado zima, na hilo ndilo swali ninalofurahi kulijibu, maana magari ya chakula hapa kwetu hufa bodi injini ikiwa bado inanguruma.

Maadui ni wawili, na wanasaidiana. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili mpaka kama Septemba, upepo hurusha chumvi kutoka baharini. Huku ndani, mvuke wa karai hupandisha mafuta, yakaganda darini, kwenye feni ya moshi na nyuma ya friji. Chumvi ikinasa kwenye utando ule, kitambaa kikavu hakiiondoi. Na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo bati hushinda na majimaji hata siku ya jua kali.

Basi mimi huanza na mafuta. Tukifunga, karai likishapoa lakini kuta bado zina uvuguvugu, tunapiga sabuni ya maji na maji ya moto, juu kwenda chini, na chujio la feni hung'olewa likalowekwa. Halafu tunasuuza. Halafu tunakausha, na hapa ndipo vijana wengi wa kazi huchoka wakakimbilia nyumbani. Kwangu haondoki mtu kabla ya kukausha bawaba, pembe za sakafu na chini ya mpira wa mlango wa friji. Afadhali gari lioshwe haraka likaushwe vizuri, kuliko lioshwe sana likafungwa likiwa chepechepe.

Maji nayo ni habari nyingine. Nilipokuwa bado nalitengeneza gari, mzee mmoja anayetengeneza mashine za mashua aliniuliza, "Mwanangu, maji yako ya wapi?" Nikamwambia nafikiria kisima, kiko karibu. Akatikisa kichwa. "Mashine yatoka baharini, twaisuuza kwa maji matamu. Kisima cha hapa chumvi tele. Utaosha chumvi kwa chumvi?" Tangu siku ile nasuuza kwa maji ya mfereji tu, yale yanayotoka Baricho kwenye Mto Sabaki, na kwa kuwa mfereji hukatika, madumu ya lita 20 hayakosi kujaa nyumbani.

Meza yangu ni ya stenlesi, na watu hudhani stenlesi haishiki kutu. Inashika. Ukiisugua kwa waya wa sufuria, vipande vidogo vya chuma hubaki juu yake vikaota kutu, kwa hiyo natumia sponji. Klorini pia huichimba vitobo ikiachwa ikaukie pale. Sabuni hutangulia, kisha klorini iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha kwenye chupa, naiacha dakika chache, nasuuza. Na ndimu, ambazo kwenye gari la viazi karai hazikosekani, huondolewa mezani kwanza, pamoja na siki: klorini ikikutana na kitu kichachu hutoa hewa yenye sumu, na ndani ya gari hakuna pa kukimbilia.

Gesi siiachii kijana. Kila mtungi unapobadilishwa napaka povu la sabuni kwenye regulata na kwenye mpira. Povu likichemka, jiko haliwashwi. Mpira ukianza kupasukapasuka hauvutwi mpaka mwisho wa mwezi, unabadilishwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, kwa hiyo nina matundu usawa wa sakafu, na ole wake atakayeyaziba kwa tambara la kudekia.

Bwana afya akija ataomba vyeti vya vipimo vya sisi tunaoshika chakula, ambavyo huhuishwa kila miezi 6, kisha atatazama ndoo za maji na friji. Nyama mbichi na kachumbari hukaa chini ya nyuzi 5. Friji ikishindwa kufika hapo, kwanza natazama nyuma: mara nyingi ni vumbi lililoshikana na mafuta, mashine haipumui.

Injini haina mengi. Oili kwa wakati, grisi kwenye vichwa vya betri, na usiku naweka vigingi kwenye magurudumu badala ya kuvuta breki ya mkono, kwa sababu hewa ya hapa huigandisha.

Kutu ikitokea hata hivyo, na hutokea, sikubali kufichiwa. Fundi mmoja aliniambia, "Dada, tuzibe kwa pati tu, ule udongo wa kujazia bodi, na rangi juu, itapendeza." Nikamwambia, "Fundi, kata mpaka ufike kwenye bati zima." Alikata, tukakuta pati ingefunika tundu la kupitisha ngumi. Sasa kazi hiyo tunaifanya mwishoni mwa Machi, wageni wa Kiitaliano wakianza kupungua: msasa mpaka chuma king'ae, praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, siku ileile, maana ukikiacha wazi usiku mmoja chumvi imeshatua tena, kisha rangi mara mbili. Ukingoja masika iingie, kati ya mkono mmoja na wa pili rangi haikauki, na fundi atakuwa ameshachukua kazi nyingine.